Ballali: gavana aliyeondoka bila hukumu

Kwenye masoko ya Mwanza, Makoroboi au Mwaloni Kirumba, likitajwa jina la Daudi Ballali, gavana wa Benki Kuu ya Tanzania wakati wa kashfa ya akaunti ya madeni iitwayo EPA, watu hugawanyika papo hapo. Wengine: mwizi aliyekufa na siri zake. Wengine: msomi aliyetolewa kafara ili wakubwa wapone. Kila upande unasema kwa uhakika ambao hakuna mahakama iliyowahi kuutoa, maana gavana huyo hakushtakiwa. Uteuzi wake ulitenguliwa Januari 2008 akiwa Marekani kwa matibabu, na Mei mwaka huohuo akafariki hukohuko. Kinachobaki kupimwa ni kazi yake.

Tuanze na deni lililozaa kashfa hiyo, kwani Kanda ya Ziwa ililiishi kabla ya kulijua jina. Miaka ya 1970 na 1980, kinu cha pamba kilipotaka vipuri kutoka nje, mwagizaji alilipa shilingi zake Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), nayo benki ilipaswa kumpelekea muuzaji fedha za kigeni. Fedha za kigeni hazikuwepo. Shilingi zikabaki nchini, muuzaji wa nje akabaki kwenye foleni. Foleni hiyo ndiyo EPA, akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje, ambayo mwaka 1985 ilihamishiwa Benki Kuu.

Mdai aliyechoka kusubiri aliweza kumhamishia mwingine deni lake kwa hati, na tundu liko hapo. Mlipaji makini analitafuta deni kwenye daftari na kuhakikisha halijalipwa wala kusamehewa. Kisha anamwandikia mdai wa awali, kwa anwani iliyoko kwenye daftari na si ile aliyokuja nayo mwombaji, amuulize kama kweli ameliachia. Mwisho anamchunguza anayelipwa: kampuni ilisajiliwa lini, ni ya nani, ina biashara gani. Barua kwa mdai ndiyo kufuli. Ikirukwa, daftari halimlindi mtu tena, kwa sababu aliyelichungulia anajua tayari ni deni lipi la kughushia hati, na kiasi chake hadi senti ya mwisho.

Ukaguzi wa Ernst & Young ulikuta kwamba mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa takribani Sh133 bilioni kutoka EPA. Kampuni 13 zilichota karibu Sh90 bilioni kwa nyaraka za kughushi; tisa nyingine, zilizolipwa zaidi ya Sh42 bilioni, hazikuwa na nyaraka za kutosha. Kagoda Agriculture, iliyosajiliwa Septemba 2005, ilijichukulia peke yake karibu Sh40 bilioni. Kampuni ya majuzi yenye madai ya miaka ya 1980! Hilo hata karani wa mapokezi angelishtukia.

Wanaomtetea Ballali wana hoja nzito. Gavana hachambui hati moja moja. Faili humfikia likiwa limeshapita idara ya madeni, wanasheria na uhasibu, na kila saini iliyotangulia inamwambia mambo ni salama. Wana pia rekodi ya kuonyesha. Alitoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), akashika kiti mwaka 1998 mfumuko wa bei ukiwa karibu asilimia 13. Miaka michache baadaye ulikuwa karibu asilimia 5, na mwaka 2001 Tanzania ikakamilisha masharti ya msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Mfanyabiashara wa Mwanza anayekopa leo alipe baada ya mavuno anajua thamani ya bei zisizorukaruka.

Ila utetezi huo unakwama kwa mkaguzi. Malipo ya Kagoda yaliibuliwa kwanza na Deloitte & Touche, wakaguzi wa nje wa Benki Kuu, na mwaka 2006 mkataba wao ukavunjwa. Jambo la namna hiyo halifanyiki dawati la chini, na gavana ndiye mwenyekiti wa Bodi ya benki. Kudanganywa na hati bandia kunaweza kumkuta yeyote. Kumwondoa aliyekuonyesha ubandia wake ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Kwangu hilo linatosha kumfukuza mtu kazi. Halitoshi kumfunga, kwa kuwa kifungo kinadai uthibitishe alijua nini na lini.

Ugumu wa uthibitisho huo ulionekana mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwenye kesi ya majengo pacha ya Benki Kuu. Amatus Liyumba, aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi na utawala, alishtakiwa kwa kuisababishia serikali hasara ya Sh221 bilioni. Shtaka la hasara lilianguka. Mei 2010 alihukumiwa miaka miwili kwa matumizi mabaya ya madaraka. Utetezi ulisema mabadiliko ya mradi yalipita kwa gavana na Bodi. Gavana mwenyewe alikuwa na miaka miwili kaburini, hivyo hakuna aliyeweza kumpandisha kizimbani amuulize.