Chura wa Kihansi na hesabu ya megawati 180

Kila bajeti ya Tanzania inapobana, chura wa Kihansi hurudi midomoni mwa watu. Huulizwa, mara nyingi kwa kejeli, inakuwaje nchi ambayo zahanati zake hukosa dawa igharimie ulinzi wa chura asiyefikia urefu wa kidole gumba. Swali hilo si la kupuuzwa. Mradi wa kufua umeme kwa maji ya mto Kihansi, wenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, ulijengwa katika miaka ya mgao wa umeme, na mto unaoshuka zaidi ya mita 800 kutoka milima ya Udzungwa ulikuwa mahali pa kufaa kuliko pengi, kwa kuwa bwawa dogo tu lilitosha na gharama ya kila yuniti ilikuwa nafuu.

Tatizo ni kwamba chura huyo aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwishaanza. Ni wa rangi ya njano, hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyo vyura kamili, na makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, takriban asilimia 90 ya mtiririko ikatoweka korongoni, na manyunyu nayo yakakauka. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, kama ya bustani, ili kuiga kazi ya maporomoko. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani, na hilo ndilo lililowaokoa, kwani mwaka 2003 maelfu waliobaki waliangamia, huku ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa.

Wanaobeza gharama hizi wanasahau kuwa sehemu kubwa yake ni gharama ya kuchelewa. Korongo lingechunguzwa kabla ya mkandarasi kuingia, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingepangwa mapema, kwenye michoro, badala ya kubishaniwa mitambo ikiwa tayari. Wahifadhi nao wana lao: wanapodai maji zaidi yaachwe korongoni, ni nadra kusikia wakitaja ni megawati ngapi zitapotea msimu wa kiangazi na nani atazifidia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 sasa inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza, ila haifuti deni la Kihansi. Kwa maoni yangu, matunzo ya mabomba yale yasitegemee fadhili za wahisani wala yasigombanishwe na dawa za zahanati. Yahesabiwe ndani ya gharama za kufua umeme wa Kihansi, kama inavyohesabiwa grisi ya mitambo yenyewe.