Weusi wa fedha ya Bizanti sio rangi jamani

Mwezi uliopita nilinunua cheni ya fedha mtandaoni, muuzaji kaandika "mtindo wa Bizanti ya kale", bei imechangamka kweli, nikasema potelea mbali. Wiki ya pili ule weusi wa kwenye mikunjo ukahamia shingoni kwangu na kwenye kola ya shati jeupe. Kumbe ni rangi! Ndo nikaanza kusoma wenyewe Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), walikuwa wanaweka nini.

Wenyewe hawakupaka, waliyeyusha. Sonara anachimba mchoro kwenye fedha mpaka unakuwa kamfereji, halafu anaunguza fedha na salfa pamoja (baadaye wakawa wanaongeza shaba na risasi), anasaga anapata unga mweusi, anaujaza mferejini, anarudisha kwenye moto mpaka ushikamane, ukipoa anasugua juu, fedha inang'aa na mchoro unabaki mweusi tii. Inaitwa nielo. Kuna bangili pana za karne ya 10 hadi 12, vipande viwili vimeungwa kwa bawaba, zimechorwa ndege na wanyama, na mpaka leo kuna sehemu weusi upo palepale. Yangu wiki mbili!

Watu wakisikia Bizanti wanawaza dhahabu. Mimi naona dhahabu inajiuza yenyewe hata fundi akiwa wa kawaida, fedha ndo inamwanika fundi. Chukua vile vipunje vya pambo, vidogo kama mbegu za mchicha, fundi anakatakata waya, anavifukia kwenye vumbi la mkaa, moto ukipanda kila kipande kinajiviringa chenyewe kuwa kigololi, sasa kazi ni kuvilehemu bila kuyeyusha kilicho chini yake, moto ukizidi kidogo tu una donge mkononi.

Na serikali ilikuwa haichezi. Sahani za Daudi, za fedha zenye picha za maisha ya Nabii Daudi, zilizofukuliwa kisiwa cha Kupro 1902, za enzi ya mfalme Herakli (Warumi walewale wa Surat Rum), zina mihuri ya serikali minne mitano kwa nyuma, na ilikuwa inagongwa kabla fundi hajamaliza kuchora. Karne ya 10 Konstantinopoli ikawa na Kitabu cha Eparki, yaani sheria za mkuu wa mji kwa wafanyabiashara: sonara haruhusiwi kufanyia kazi nyumbani, akae dukani pale Mese, barabara kuu, kila mtu amuone. Ukichakachua fedha ukauza, unakatwa mkono. Mwanamke akileta vito kuuza, sonara atoe taarifa, eti visije vikatoroshwa nje (hapo kina mama walionewa, mi nasema).

Sisemi muuzaji wangu akatwe mkono. Nilimwandikia, akajibu fedha halisi lazima itoe weusi. Nikaipeleka kwa sonara wa mtaani, akaikwangua kidogo na ncha ya kisu, chini pakatokea rangi ya shaba, akaniangalia, akauliza, "Risiti unayo?"