Niacheni na meli yangu ya zamani

Kila nikitaka kwenda Bukoba naulizwa swali lile lile: kwa nini usipande basi? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 na ushee juu ya maji, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Nimelipita daraja hilo na nimelipenda. Lakini nikiwa na usiku mmoja wa kupoteza, utanikuta Bandari ya Mwanza Kaskazini nimeshika tiketi ya MV Victoria.

Meli hii ni mtu mzima. Iliundwa Glasgow, Uskoti, ikaletwa Kisumu vipande vipande, ikaunganishiwa huko na kuanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Ikachoka, ikasimama miaka kadhaa. Ilirudi majini mwaka 2020 na injini mpya, ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ila huku kwetu ni Victoria tu, kama zamani. Hubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ukipitisha kiganja kwenye chuma cha ukingo wake unakutana na vinundu na mikunjo: rangi imepakwa juu ya rangi, mkono baada ya mkono, hadi chuma chenyewe kimepoteza kona zake. Mimi hupenda kusimama hapo tangu kamba zinapofunguliwa gatini mpaka taa za Kapripointi zinapokuwa nukta.

Huko duniani sasa kuna meli ya starehe iitwayo Icon of the Seas, urefu mita 365, sitaha 20, watu zaidi ya 7,000. Sina ugomvi na wanaoipanda. Ila kutoka juu ya ghorofa kama hilo, maji unayaona kwa mbali kama unavyoyaona kutoka kilimani. Kwenye Victoria ziwa liko hapo chini yako, unalisikia likipiga ubavu wa meli na harufu yake inaingia hadi chumbani. Ukibahatika kusafiri wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo na wavuvi wa dagaa wako kazini, unakuta taa zao zimetandazwa juu ya maji kama mji usio na barabara. Nimeishi Mwanza miaka yote hii, na ukubwa wa Ziwa Nyanza niliuelewa usiku wa namna hiyo, tumekwenda saa nzima na taa bado haziishi.

Halafu kuna watu. Kwenye chombo kidogo huna pa kujifichia, kwa hiyo mnazungumza. Novemba moja nilikuwa narudi kutoka Bukoba, sitaha ya chini imejaa mikungu ya ndizi. Nikaketi karibu na mama mmoja wa makamo ya mama yangu. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba, akafungua kopo la senene aliokuwa anampelekea bintiye Mwanza, akanimiminia kiganjani. "Kula, mwanangu. Usiku ni mrefu." Akaniambia hii ni safari yake ya pili tu ya meli tangu mwaka 1996. Kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama mwaka huo. Amezikwa Igoma.

Kwa hiyo sizungumzii meli kuukuu kama mtu aliyesahau. Tarehe 21 Mei inajulikana katika kila nyumba ya ukanda huu. Lakini MV Bukoba haikuzama kwa uzee: haikuwa imefikisha hata miaka 20, wakati Victoria ilikuwa na miaka 35. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Kinachomlinda abiria ni hesabu ya vichwa pale mlangoni, mizigo kupangwa sawasawa, maboya ya kumtosha kila mtu na fundi asiyeambiwa "tutarekebisha safari ijayo". Hayo ndiyo ya kudai, kwa sauti, kwa meli mpya na ya zamani.

MV Mwanza, ile meli kubwa iliyoundwa hapa hapa Mwanza Kusini, ya mita zaidi ya 90, naipokea kwa mikono miwili. Ombi langu ni kwamba isije ikawa sababu ya kuiweka Victoria kando ipate kutu. Kule Ziwa Tanganyika iko meli ya Liemba, ya mwaka 1913, iliyowahi kuzamishwa vitani na kuibuliwa tena, na watu wa Kigoma wanaizungumzia kama ndugu. Victoria nayo ni ndugu yetu, na injini zake bado changa.

Usiku ule mama hakulala. Kulipoanza kupambazuka alijifunga khanga vizuri, akafunika kopo lake, akaniuliza taratibu kama tumeshapita pale. Nikamwita baharia aliyekuwa anakunja kamba. Naye akavua kofia kabla ya kumjibu: "Tumeshapita, mama. Yale mbele ni mawe ya Mwanza."