Xavery Maana Yake ni Nyumba Mpya

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinionyesha kadi aliyoichapisha kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Mtoto amerithi jina la marehemu baba yangu, Xavery, na machozi yalinilengalenga hata kabla sijaisoma kadi yenyewe. Kisha nikaisoma. Chini ya jina paliandikwa kwamba asili yake ni Kiarabu na maana yake ni "mwangavu", na pembeni palichorwa ngao yenye simba wawili, iliyotajwa kuwa nembo ya ukoo mzima wa Xavier duniani. "Mjomba, nimeyatoa kwenye intaneti," akaniambia, na ile ngao alikuwa ameilipia. Sikumkaripia, kwa kuwa alitafuta kwa moyo mwema na akapewa uongo. Lakini nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu uongo huohuo wanauziwa akina Xavery na Xaveria wa kwetu, na akina François-Xavier wasiohesabika wa Rwanda na Burundi.

Jina hili limetoka katika Kibaski, lugha ya watu wanaoishi pande mbili za mwisho wa magharibi wa milima ya Pyrenees, kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu hata mmoja miongoni mwa lugha zilizo hai. Katika lugha hiyo etxe ni nyumba, berri ni mpya, na ile -a inayobandikwa mwishoni huonyesha kwamba kinachotajwa kinajulikana. Tx husomwa kama ch ya "chai". Etxeberria, basi, ni "ile nyumba mpya". Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kupindua chochote, maana nomino inatangulia na kivumishi kinafuata kama kwetu: etxe berri, nyumba mpya, neno kwa neno.

Safari ya kutoka Etxeberri hadi Xavier inafuatika vizuri. Mashariki mwa Navarra na katika Aragon jirani, mikoa miwili ya kaskazini mwa Hispania, watu waliozungumza lugha zilizozaliwa na Kilatini waliliingiza jina hilo vinywani mwao kwa kawaida zao: irabu ya kwanza ikadondoka, na e ya berri ikapanuka kuwa ie. Ndiyo maana hadi leo Aragon ina vijiji vinavyoitwa Javierregay na Javierrelatre, ambavyo vimebeba kipande hichohicho cha nyumba mpya. Herufi x wakati huo ilisomwa sh. Baadaye sauti hiyo ikageuka kuwa kh katika Kihispania, na mwaka 1815 Akademia ya Kihispania ikaamua kwamba sauti hiyo iandikwe kwa j, ndipo Xavier ikawa Javier. Wabaski wenyewe huandika Xabier na bado husoma sh. Mtu anayetaka kunishawishi kwamba jina hili ni la Kiarabu anieleze kwanza vijiji hivyo vya Aragon vilifikaje hapo.

Kinachonichoma zaidi, hata hivyo, ni ile ngao. Kosa la maana lingeweza kusamehewa kama kosa la kamusi. Ngao inafundisha jambo kubwa zaidi ambalo pia ni la uongo, kwamba wote wenye jina hili ni damu moja iliyotoka kwa babu mmoja. Desturi ya majina ya Wabaski inakanusha jambo hilo waziwazi. Kwa karne nyingi, katika sehemu kubwa ya nchi yao, nyumba ndiyo iliyokuwa na jina, na watu walilipata kwa kuishi ndani yake. Mwanamume aliyeoa na kuhamia nyumbani kwa mkewe aliitwa kwa jina la nyumba ile. Nyumba ilikuwa na mahali pake kanisani, juu ya kaburi lake, na mama mwenye nyumba, etxekoandre, ndiye aliyewasha mshumaa hapo kwa ajili ya marehemu wote wa nyumba hiyo.

Tumtazame mtakatifu ambaye akina Xavery wote wanaitwa kwa jina lake. Fransisko Ksaveri alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, huko Navarra. Baba yake aliitwa Juan de Jasso na mama yake María de Azpilcueta, na ngome hiyo ilitoka upande wa mama. Ndugu yake mmoja aliitwa Miguel de Javier, na mwingine, waliyetoka naye tumbo moja, aliitwa Juan de Azpilcueta. Ikiwa watoto wa baba na mama wale wale waliweza kuwa na majina tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu, ni ukoo gani huo wa Xavier ambao mpwa wangu ameuziwa ngao yake?

Na hapo ndipo siri ya kuenea kwa jina hili ilipo. Karibu kila kijiji cha Wabaski kilikuwa na nyumba iliyojengwa baada ya nyingine, na majirani wakaiita nyumba mpya. Miaka mia tatu ilipita, kuta zikaota ukungu, na bado ikaitwa mpya. Kwa hiyo akina Etxeberria walichipuka katika mamia ya mahali bila kujuana, na kwa kuwa nyumba ilirithiwa na mtoto mmoja tu ili isigawanywe, wale wengine walikwenda baharini, utawani, au ng'ambo ya Atlantiki, wakilibeba jina la nyumba ambayo haikuwa na nafasi yao. Nalifikiria jambo hilo kwa huzuni kila mara. Leo Echeverría, yaani Etxeberria kwa tahajia ya Kihispania, ni miongoni mwa majina ya Kibaski yaliyoenea mno Amerika ya Kilatini: mwandishi Esteban Echeverría alizaliwa Buenos Aires mwaka 1805, na Luis Echeverría alikuwa rais wa Meksiko kuanzia 1970 hadi 1976. Hakuna ulazima wowote wa kudhani kwamba hao wawili walitoka mlango mmoja.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ngao za kweli zipo. Zimechongwa kwenye mawe juu ya milango ya nyumba nyingi za Navarra, na bonde zima la Baztan lina ngao moja ya miraba kama ubao wa sataranji, ambayo wenyeji wote wa bonde huitumia kwa haki sawa. Lakini hizo ni ngao za nyumba na za bonde, si za kila mwenye jina fulani duniani.

Kuhusu tahajia, kila utawala uliacha alama yake: Echeverría na Echevarría kwa Wahispania, Etcheverry kwa Wafaransa, Etxebarria kwa watu wa Bizkaia, mkoa wa magharibi wa Wabaski, ambao husema barri badala ya berri. Wakati wa utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, majina ya ubatizo ya Kibaski yalikataliwa katika sajili za serikali, na ni sheria ya mwaka 1999 iliyowaruhusu raia wa Hispania kuomba jina lao la ukoo liandikwe kwa tahajia ya lugha yake. Watu waliopigania kuandika tx mahali pa ch walijua thamani ya jina kuliko tovuti inayouza simba wawili.

Jina lenyewe si geni pwani yetu. Mtakatifu yule alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, ambako alifika mwezi Mei mwaka huohuo. Alipotangazwa mtakatifu mwaka 1622 jina la ngome yao likawa jina la ubatizo, na kwa njia hiyo lilifika hadi kwa baba yangu, ambaye aliishi miaka themanini na moja bila mtu yeyote kumwambia kwamba anaitwa Nyumba Mpya. Ningetoa mengi ili nimwambie leo. Alikuwa fundi mwashi.

Mpwa wangu amekubali, na kadi imechapishwa upya jana. Ngao imeondolewa, na chini ya jina la mtoto pameandikwa: "Xavery, kutoka Kibaski etxe berri, nyumba mpya." Ubatizo ni tarehe 3 Desemba, sikukuu ya mtakatifu wake.