Skripti ndogo ya kupima diski itendewe haki

Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda 14 vya Toyota nchini Japani vilisimama kazi. Minong'ono ya udukuzi ilienea, kumbe seva za kuagizia vipuri ziliishiwa nafasi kwenye diski wakati wa matengenezo siku mbili kabla. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo uleule, nazo zikakwama.

Baada ya kisa kama hicho, ushauri huwa ni kufunga mfumo mkubwa wa ufuatiliaji: Zabbix, Prometheus na wenzake. Ni hoja nzito. Mifumo hiyo hutunza historia na kuchora grafu, na msimamizi wa seva mia mbili hawezi kufungua barua pepe mia mbili kila asubuhi. Skripti, yaani programu fupi ya amri chache unayojiandikia mwenyewe, nayo ina udhaifu wake mkubwa: ikifa hainung'uniki, na kimya chake huchukuliwa kuwa mambo ni salama.

Hata hivyo, ofisi yenye seva sita kwa nini ianzishe ya saba ya kuzichunga, yenye hifadhidata inayojaa vilevile? Skripti ya mistari ishirini inayoingia kila seva kwa ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), ikaendesha df (amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski) na kutuma ujumbe, fundi mmoja huisoma yote akaielewa.

Kinachonisumbua zaidi ni ile asilimia 90 inayowekwa kila mahali kama kikomo cha diski kujaa kabla ya onyo kutumwa. Kwenye diski ya gigabaiti 20, kilichobaki ni gigabaiti 2. Programu moja inayoandika kosa lilelile kwenye logi (faili la kumbukumbu zake) bila kukoma huzimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwenye terabaiti 10, imebaki terabaiti nzima, na pengine mwaka utapita haijaguswa. Anayeandika skripti yake huamua: hii inishtue zikibaki gigabaiti 5, ile zikibaki 200. Akihifadhi namba ya jana na kuilinganisha na ya leo, atajua zimebaki siku ngapi diski ijae. Akiongeza df -i, ataziona pia inodi (nafasi za kusajili faili, kila faili moja yake), ambazo faili ndogondogo huweza kuzimaliza huku gigabaiti zikiwa tele. Mifumo mikubwa huyaweza haya yote, ila wengi huifunga na kuiacha ilivyokuja.

Seva zikifika makumi na zamu zikawa za watu kadhaa, ningehamia Prometheus bila kusita. Kabla ya hapo ningeiagiza skripti itume ujumbe kila asubuhi hata hali ikiwa shwari, ili siku ujumbe usipofika mtu aamke akaitazame.