Mbu asiyebeba malaria ametengenezwa Bagamoyo. Nani aamue atoke?

Desemba 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Bagamoyo, kwenye maabara za Taasisi ya Afya Ifakara, kwa ushirikiano na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Chuo cha Imperial cha London. Watafiti walimbadilisha vinasaba mbu aina ya Anopheles gambiae, wakamnywesha damu ya watoto waliokuwa na vimelea vya malaria hapa hapa Tanzania, na vimelea hivyo vikashindwa kustawi tumboni mwake kama vinavyostawi kwa mbu wa kawaida. Hakuna mbu hata mmoja wa aina hiyo aliyeachiwa nje.

Swali la aachiwe au asiachiwe litakuja, na litakuja na kelele zake. Nimefuatilia mabishano ya mbu wa namna hii kutoka nchi nyingine, na ninachokiona ni kwamba pingamizi zinazopigiwa kelele zaidi ndizo dhaifu zaidi, huku zile nzito zikibaki mezani mwa wataalamu. Upande wa watetezi nao una tabia ya kujibu zile dhaifu kisha kujitangazia ushindi.

Kwanza kazi yenyewe, maana inavutia. Vinasaba vilivyopandikizwa vinamfanya mbu jike, kila anapokunywa damu, atengeneze tumboni protini ndogo mbili. Asili ya moja ni ngozi ya chura wa Afrika mwenye kucha, ya nyingine ni sumu ya nyuki. Hizo huvidhoofisha vimelea na kuvichelewesha. Kuchelewa peke yake ni jambo kubwa, kwa sababu kimelea cha malaria kinahitaji kama siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hawafikishi umri huo. Kikicheleweshwa kidogo tu, mwenyeji wake anakufa kabla hajakipeleka popote.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Damu ya mtoto humiminwa kwenye kikombe kidogo cha kioo kinachopashwa moto hadi joto la mwili, na mdomo wa kikombe huzibwa kwa utando mwembamba. Mbu walioshindishwa njaa huutoboa utando huo wakidhani ni ngozi. Siku kadhaa baadaye hupasuliwa mmoja mmoja chini ya hadubini, na vifuko vya vimelea kwenye ukuta wa tumbo huhesabiwa. Majaribio ya zamani ya aina hii yalitumia vimelea vilivyofugwa maabara kwa miongo. Safari hii ni vimelea vinavyozunguka vijijini mwetu, vya kila namna, na mbu amefanyiwa mabadiliko nchini na Watanzania. Kwa sayansi iliyozoea kutuchukulia sampuli na kuturudishia ripoti, hilo si dogo.

Lakini mbu mmoja mmoja asiyebeba malaria hatusaidii kitu akizaliana na mamilioni ya wenzake wa porini. Kinasaba cha kawaida hurithiwa kama shilingi iliyorushwa hewani: nusu ya watoto wanakipata, nusu wanakikosa. Kikiwa kinamgharimu mbu hata kidogo, kitafifia na kupotea. Hapo ndipo inapoingia mbinu ya kinasaba kinachojisambaza, iliyopendekezwa na Austin Burt wa Imperial mwaka 2003 na kuwezekana kwa urahisi baada ya ujio wa CRISPR, zana ya kukata na kuhariri DNA. Kinasaba hicho hubeba maelekezo ya kukata DNA ya upande wa mzazi wa pili na kujinakili pale palipokatwa, hivyo karibu watoto wote wanakirithi, na watoto wao, na wajukuu.

Mbu wa Bagamoyo ana nusu ya mtambo huo. Amebeba protini na maelekezo, ila kimeng'enya cha Cas9 kinachokata kiko kwenye mbu wa ukoo mwingine. Wakikutanishwa, kinasaba kinajisambaza. Wakitenganishwa, hakiendi popote. Yeyote anayesema Tanzania imetengeneza mbu anayeweza kutoroka dirishani na kuenea hadi Cape Town hajausoma utafiti. Ila anayesema hakuna cha kuhofia kwa kuwa ni nusu tu naye anakwepa: lengo la nusu ni siku moja kuunganishwa.

Sababu za kuendelea ni nzito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, asilimia 95 wakiwa Afrika, na takriban robo tatu ya waliokufa katika bara hili ni watoto wa chini ya miaka mitano. Chandarua chenye dawa kimeokoa wengi kuliko zana nyingine yoyote, lakini mbu wamejenga usugu dhidi ya viuatilifu vinavyopakwa, na wengine sasa wanauma jioni kabla watu hawajaingia kitandani. Chanjo zipo mbili, RTS,S iliyopendekezwa 2021 na R21 ya 2023, ambayo Bagamoyo yenyewe ilikuwa moja ya vituo vya majaribio. Zinasaidia, hazimalizi. Na vyote hivyo, vyandarua, dawa, vipimo, kwa kiasi kikubwa hununuliwa kwa pesa za wafadhili. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mratibu wa malaria kuanzia Kigoma hadi Kilifi alielewa maana ya kutegemea bajeti ya watu wengine. Mbu anayerithisha kinga bila kusubiri kontena bandarini ni wazo zuri mno kwa nchi yenye bajeti kama zetu.

Sasa pingamizi, nikianza na nyepesi. Klipu za WhatsApp zinazodai kwamba mbu hawa wataharibu uzazi wa binadamu tuziache zilipo. Kinasaba cha mbu hakihamii kwa aliyeumwa, kama ambavyo hujawahi kuota manyoya kwa kula kuku.

Hoja ya ikolojia ina heshima zaidi, lakini mara nyingi inaelekezwa kwa mbu asiyehusika. Kuna njia mbili. Moja inalenga kumpunguza au kumfuta mbu: mwaka 2018 timu ya Andrea Crisanti iliharibu kinasaba kinachoitwa doublesex, majike waliorithi nakala mbili wakawa tasa, na jamii nzima ya mbu ndani ya vizimba ikafutika katika vizazi 7 hadi 11. Njia ya Bagamoyo haimfuti mbu. Mbu anabaki, anauma, analiwa, ila habebi ugonjwa. Hata kwa njia ya kwanza, dunia ina aina zaidi ya 3,500 za mbu, na mnyama ninayemkumbuka kwa upesi kuwa ana mazoea ya karibu na Anofelesi ni buibui mrukaji Evarcha culicivora wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambaye amechunguzwa sana Mbita, Kenya. Huyo huchagua mbu jike aliyeshiba damu, kwa hiyo anakunywa damu yetu kwa mkono wa pili. Lakini hula pia wadudu wengine wa ziwani. Sioni buibui huyo akiwa sababu ya kusimamisha kitu.

Pingamizi zito la kwanza ni la kisayansi na linatoka Ifakara penyewe. Kwa miaka mingi watafiti wa taasisi hiyo wameonyesha kwamba katika bonde la Kilombero, baada ya vyandarua kusambaa, gambiae halisi karibu ametoweka, na maambukizi mengi sasa yanaletwa na Anopheles funestus, mbu anayependa madimbwi na vijito visivyokauka na mwenye usugu mkubwa wa dawa. Kinasaba kilichowekwa ndani ya gambiae hakiwezi kuhamia kwa funestus, maana hawazaliani. Unaweza basi kutumia miaka kumi na mamilioni ya dola kumrekebisha mbu ambaye, kwenye wilaya kadhaa, si yeye anayeua. Watetezi husema kinachofanyika kwa gambiae kitafungua njia kwa funestus. Huenda, lakini hayo ni matumaini, na mwananchi anayeombwa ridhaa anastahili kuambiwa hivyo.

La pili ni vimelea vyenyewe. Plasmodium, kimelea cha malaria, imeshinda dawa ya klorokwini, imeshinda SP, na usugu dhidi ya artemisinini umeshaonekana Rwanda, Uganda na Tanzania. Haitashangaza ikipata mlango wa kuzipita protini mbili. Waliounda mbu huyu walichagua mbili badala ya moja. Nakubali ni busara, sikubali kwamba ni dhamana.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: uamuzi wa kijiji kimoja, ukishajisambaza, unakuwa uamuzi wa nchi tatu. Tumewahi kutumia wadudu kupambana na wadudu. Unguja iliwamaliza mbung'o kwa madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na ng'ombe wa kisiwa wakapona nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ule ulikuwa mradi wa kusimamishwa siku yoyote: ndege isiporuka, madume wanakufa, hadithi imeisha. Kisiwa kilikuwa kisiwa. Mbu mwenye kinasaba kinachojisambaza hana swichi ya namna hiyo, na hapigi muhuri pasipoti Namanga wala Mutukula.

Mkataba wa Bioanuwai, katika kikao cha Sharm el-Sheikh 2018, ulitaka kila kesi ipimwe athari zake na jamii zinazoguswa ziombwe ridhaa mapema, pale inapofaa. Maneno "pale inapofaa" yamebeba mzigo mkubwa hapo. Ridhaa ya kijiji hupatikana vipi, kwa kunyoosha mikono kwenye mkutano wa hadhara? Na kijiji cha ng'ambo ya maji je?

Burkina Faso imeonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuvunjika. Mradi wa Target Malaria, unaotafiti mbu waliobadilishwa vinasaba, ulianza huko zaidi ya miaka kumi iliyopita, ukaachia madume tasa wasiojisambaza kijiji cha Bana mwaka 2019 baada ya maandalizi marefu na wanakijiji. Agosti 2025 serikali iliusimamisha na kuamuru mbu waharibiwe. Hakuna mbu aliyemdhuru mtu. Kilichokosekana ni uhalali wa kisiasa machoni mwa watawala wapya na wanaharakati waliokuwa wakihoji kwa nini mradi wenye pesa za Wakfu wa Gates unafanyia majaribio yake Afrika. Tanzania nasi si wageni wa hilo: Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, huko Makutupora, Dodoma, na wanasayansi waliamka asubuhi hawana shamba.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati kabisa. Kazi ya maabara iendelee, na iendelee Bagamoyo. Kuifunga kwa hofu kutahakikisha tu kwamba mbu atatengenezwa kwingine na sisi tutaletewa fomu ya kusaini. Jaribio la kwanza la nje liwe la mbu wenye nusu ya mtambo, kinasaba kinachofifia chenyewe, ili tujue kama protini zinafanya kazi nje ya kikombe cha kioo. Visiwa vya Ziwa Victoria vinatajwa kama mahali panapofaa, na kijiografia naelewa kwa nini. Lakini ziwa hilo ni la nchi tatu, na mitumbwi ya dagaa inavuka kila usiku na abiria wasiohesabiwa.

Mtambo mzima ni suala jingine. Huo usitoke kwa kibali cha nchi moja, hata kama nchi hiyo ni yangu. Tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki inayojadili ushuru wa mchele kwa miezi; iketi basi na kuandika nani atalipia ufuatiliaji wa mbu kwa miaka ishirini baada ya mfadhili kuondoka, nani ana mamlaka ya kusema imetosha, na kwa njia gani, maana watafiti wenyewe bado wanatafuta namna ya kukirudisha kinasaba kikishaenea. Na bajeti ya funestus iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko hilo, isisubiri kiambatisho.