Karanga za mia tano na cheti cha mtoto wa watu

Juzi natoka kazini nikanunua karanga za mia tano pale kituoni, zile za kufungwa kwenye karatasi, nimeshamaliza nakunjua karatasi nitafute zilizojificha kwenye kona (msinicheke, wote mnafanya) nakutana na nembo ya Taifa. Nikajua barua ya ofisi fulani. Wapi! Kopi ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa kike, kazaliwa 2019, majina yake matatu, jina la baba, jina la mama, hospitali, namba ya ingizo. Chini mama mtu kaandika kwa peni namba yake ya simu. Na mhuri wa shule juu yake, IMEPOKELEWA. Imepokelewa kweli, mpaka kwa muuza karanga.

Sasa najua kuna mtu atasema aah, mtoto wa chekechea ataibiwa nini, hana akaunti, hana laini, hana hata daftari. Ndo utamu wenyewe kwa mwizi huo. Jina langu mimi likitumika vibaya nitashtuka, napiga *106# naona laini nisizozijua, au napigiwa simu nidaiwe mkopo nisioukopa. Mtoto nani atamshtua? Jina lake linakaa tu miaka na miaka halina mlinzi.

Na msiniambie haya yameletwa na mitandao. Mama yangu mdogo alimaliza la saba kijijini miaka ya tisini mwanzoni, akaambiwa hujachaguliwa, akarudi shambani, akaolewa, yakaisha. Miaka mingi baadaye anaumwa, yuko kwenye benchi la hospitali mjini anasubiri dawa, anasikia mtu anaita kwa sauti majina yake yote, na la babu humo humo, ambalo ni ukoo wetu tu tunalo. Anataka kuitika, anaona nesi kageuka, kaitika yeye, kumbe nafasi ya shule ilitoka, akaenda mwingine kwa jina lake. Nilimuuliza, mama, mbona hukusema kitu? Akaniangalia hivi. "Ningesema mimi ndo nani?"

Alichukua dawa zake akapanda basi akarudi.

Tena hayuko peke yake. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa 2017 mnaukumbuka, enzi za Magufuli, wote tuliganda kwenye ile 9,932 ya vyeti vya kughushi tukacheka tukasema wamepatikana. Lakini kwenye ripoti ile ile kulikuwa na vyeti 1,538 vinavyotumiwa na watumishi zaidi ya mmoja. Hivyo vilikuwa vyeti vyenyewe kabisa, vya mtu aliyekaa darasani akafanya mtihani. Haya, wengine najua waliuza wenyewe, au waliazimana ndugu kwa ndugu, sawa. Ila wapo kina mama mdogo, na hao hakuna aliyewatafuta.

Sasa turudi kwenye kopi, maana hapa ndo hasira yangu ilipo. Kila kitu kopi ya cheti! Chekechea kopi mbili, kuhama shule kopi, bima kopi, timu ya mpira ya watoto wa miaka tisa, kopi, sijui wanaogopa tutawaletea mzee. Unaenda steshenari, kijana anakwambia nitumie WhatsApp, unatuma, anaprinti, unalipa mia mbili unaondoka. Cheti kimebaki kwenye simu yake na kwenye ile kompyuta ambayo kila mtu anachomeka flashi, desktop imejaa watoto wa mtaa mzima, "cheti junior final 2.pdf". Halafu unaipeleka shule inawekwa kwenye boksi, boksi likijaa linauzwa kwa kilo. Hizo karanga tunadhani karatasi zake zinatoka wapi?

Sheria ipo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Hiyo shule imeisoma? Labda nayo imefungiwa maandazi.

Mimi nataka kitu kimoja tu. Nikija na original, iangalie, andika ile namba kwenye daftari lako, nirudishie. Basi. Kopi ya nini? Na mkilazimisha kopi basi mwaka ukiisha ichomeni, kiberiti shilingi ngapi.

Matokeo ya la saba nayo yanatoka na majina kamili mtandaoni kila mtu anaona, ila hapo nanyamaza kidogo maana na mimi ni wa kwanza kuchungulia mtoto wa jirani kapata nini. Na nyie mnaoposti cheti status siku mtoto anatimiza mwaka, nawaona.

Basi nikaona nimpigie yule mama, nimwambie ajue. Samahani dada, hunifahamu, nina cheti cha mwanao hapa, nikamtajia jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa ili aniamini. Kimya. Halafu akaniporomoshea: tapeli mkubwa wewe, mmeishiwa na "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa mmehamia kwa watoto? Akakata, nikijaribu tena haiendi, kashaniblock.

Karatasi nimeichoma kwenye jiko la mkaa. Ilikuwa imelowa mafuta ya karanga, ikawaka vizuri tu.